Nyumba ya Shemeji Haijaezekwa

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ni kinyozi. Nalitaja hilo mwanzo kwa sababu yeye mwenyewe hulitaja mwisho, tena kwa kulimeza. Ukimuuliza kazi yake atakwambia ni mkufunzi wa wasafiri. Mtaani wanamwita Bwana Dirisha, na jina hilo limemkaa vizuri kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Elimu yake aliipata kwenye kiti cha kunyolea. Watu wa mtaa wetu wanapenda kusafiri, na wapo wanaorudishwa palepale wanapotua, kabla hawajavuta hata hewa ya nje. Mtu wa namna hiyo akirejea hujifungia ndani kwa aibu, majirani wakidhani yuko ng'ambo anakula maisha, mpaka ndevu zimshinde na imbidi atoke akanyolewe. Hapo ndipo shemeji alipokuwa akimsubiri. Alimlaza kichwa, akampaka povu, akamwekea wembe kooni, kisha akamuuliza kwa sauti ya kumpa pole: "Hebu nieleze, walikuuliza nini hasa?" Mwenye wembe kooni hatii chumvi. Aliyeulizwa alisema yote, shemeji akayaweka kichwani yote, na kwa miaka mingi ya kunyoa ndevu za watu waliofukuzwa akawa bingwa wa mipaka ambayo mguu wake haujaikanyaga. Pasipoti hakuwa nayo. Ndege alikuwa akiziona tumbo tu.

Nyuma ya chumba cha kunyolea akajenga banda la mafunzo. Nitalieleza banda hilo vizuri kwa sababu ndilo lililotuponza. Ndani kulikuwa na kioo kilichotolewa kwenye kabati la duka lililofilisika, kimetobolewa tundu la kupitishia karatasi. Mbele ya kioo, mstari wa njano sakafuni, umepigwa kwa rangi iliyobaki ya mlango. Nyuma ya kioo, kigoda kirefu, na juu ya kigoda shemeji, amevaa shati kuukuu la mlinzi lenye vipande vya mabegani, uso kaukunja makusudi. Muhuri aliuchonga kwenye soli ya kandambili. Ukifaulu anakugonga mkononi neno PITA. Ukifeli anakugonga RUDI, na hiyo RUDI haitoki kwa sabuni. Tuna jirani aliyekwenda nayo hadi kwenye harusi yake mwenyewe. Malipo shemeji hakudai. Alichotaka ni kuitwa mkufunzi, na wakamwita hadi kichwa kikamvimba.

Mafundisho yenyewe hayakuwa mengi. Usimtazame afisa machoni, atakusoma. Wala usitazame chini, atakushuku. Mtazame katikati ya nyusi. Ukiulizwa, jibu kifupi, kwa sababu maneno yanazaa maneno. Halafu kulikuwa na lile somo kubwa, ambalo alilitoa siku ya mwisho mlango ukiwa umefungwa, na ambalo mtaa mzima ulilijua kwa moyo.

"Afisa hana haja na jina lako," alikuwa akisema. "Anataka kujua kitu kimoja tu: utarudi kwenu au hurudi? Ukimwambia una mke, atacheka, wake wanakimbiwa kila siku. Ukimwambia una mama mgonjwa, atakuuliza mbona umemwacha. Mwambie una nyumba. Kuta zimesimama, haijaezekwa, mvua ziko njiani. Hakuna mwenye akili timamu anayeacha kuta zake zinyeshewe. Hapo atakugongea muhuri, na pole atakupa."

Na kweli waligongewa. Basi mtaa mzima ukawa na nyumba zisizoezekwa. Wapangaji waliozaliwa na wapangaji walisimama mbele ya vioo vya nchi za watu wakaapa kwamba kuta zao zinalowa. Dereva mmoja ambaye tangu nimjue alikuwa akilala ndani ya gari la tajiri wake alieleza habari za sebule yake mpaka machozi yakamtoka, na aliporudi likizo alikuwa ameanza kuiamini.

Kilichokuwa kikinikera mimi, na sikukificha, ni kwamba mtaani kwetu mwenye nyumba isiyoezekwa kwelikweli alikuwa mmoja tu, naye ni huyo mkufunzi. Kiwanja ni cha yeye na dada yangu. Kuta zilikuwa zimesimama siku nyingi, mpapai umeota sebuleni na ulikwishaanza kuzaa. Dada alikuwa akiishi naye kwenye chumba cha kupanga chenye dirisha linalotazama choo cha majirani, na jioni alikuwa akipita kiwanjani kung'oa magugu katika kile ambacho siku moja kingekuwa chumba chake cha kulala. Nilimwambia shemeji mara nyingi: "Shemeji, unawafundisha watu kusema uongo ambao kwako ni kweli. Huoni haya?" Alikuwa akicheka. Mashemeji hutaniana, kwa hiyo alidhani natania.

Wana mtoto mmoja, binti, na huyo ndiye aliyekuwa mwanafunzi wa kwanza wa dirisha. Alipata kazi ng'ambo ya kuwahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, baba yake akamnoa, akapita bila kuulizwa mara mbili. Sifa ya Bwana Dirisha ilianzia hapo. Binti akakaa huko, akaolewa na fundi mitambo ambaye kampuni yake humhamisha hamisha, akazaa. Alipopata mtoto akasema basi, anataka kumlea nyumbani, karibu na bibi yake, katika ile nyumba. Akaagiza mabati mwenyewe kwa simu, rangi ya bluu, kwa sababu alipokuwa mdogo alikuwa akimwambia mama yake kwamba watakuwa na paa la bluu. Duka likayaleta hadi mlangoni kwa baba yake. Kazi ya baba ilikuwa kumwita fundi.

Akasema kesho. Wakati huo banda la mafunzo lilikuwa limefunikwa turubai, na wanafunzi walikuwa wakinyeshewa. Shemeji akaona aazime mabati machache tu, kwa muda. Akaezeka banda. Akaona upepo unaingia, akaazima mengine akafanya ukuta. Akaona wanaosubiri zamu wanaungua jua, akawajengea kivuli. Hivyo ndivyo paa la dada yangu lilivyogeuka mpaka wa nchi. Binti alipouliza kwenye simu, "Baba, paa limefikia wapi?" baba yake alikwenda nyuma ya ua wa jirani mwenye nyumba ya paa la bluu, akachuchumaa, akapiga picha ya pembeni ili roshani ya jirani isionekane, akaituma. Binti akalia kwa furaha. Wiki hiyohiyo akaaga kazini, akamwarifu mwenye nyumba wake kwamba mwisho wa mwezi anaondoka.

Dada aligundua kwa sababu binti alimsifia. "Mama, paa limependeza jamani." Dada akauliza, "Paa gani?" kisha akasema mtandao unasumbua, akakata simu. Alikwenda kiwanjani, akasimama sebuleni chini ya mpapai, akatazama juu. Kisha akaenda bandani akagonga bati kwa kidole. Dada yangu hapigi kelele. Akikasirika hukunja nguo, na siku hiyo alikunja nguo za mumewe zote, akazipanga kwenye begi.

"Mwanao anarudi na kichanga," alimwambia. "Kazi ameacha. Utakwenda kabla hajafunga mizigo, umwambie kwa mdomo wako, uso kwa uso."

"Si nimpigie simu, mama watoto?"

"Simu ndiyo uliyomdanganyia."

Nilimuuliza dada kwa nini asimwambie yeye mwenyewe yakaisha. Akasema uongo si wake na hawezi kuubeba. Kisha akanigeukia: "Na wewe utaongozana naye. Akisema, nipigie. Asiposema, nipigie haraka zaidi." Binti alikuwa amekwisha tualika kwenda kumwona mtoto, kwa hiyo shemeji akakata pasipoti yake ya kwanza, na viza zilitoka bila shida. Kazi yangu katika safari ile ilikuwa moja tu, kuhakikisha shemeji anasema.

Ndani ya ndege, mtu ambaye alikuwa hajawahi kupanda ndege aliwafundisha safu nzima ya viti namna ya kushuka. Alirudia majibu yake hadi mhudumu akamuuliza kama anaumwa. Nikamuuliza, "Na binti yako, utamwambiaje? Hilo umelifanyia mazoezi?"

"Tupite dirishani kwanza, shemeji. Kila kitu na wakati wake."

Tulipotua tukaingia ukumbi mkubwa wenye foleni mbili. Ile ya wenye pasipoti kama zetu ilikuwa imejikunja kunja mpaka imejisahau. Ile nyingine haikuwa foleni. Watu walikuwa wakiweka pasipoti juu ya mashine, mashine inawaka kijani, kilango kinafunguka, wanapita wakizungumza habari za chakula. Hakuna aliyewauliza nani anawasubiri nyumbani. Labda nyumba zao zote zina paa.

Nyuma ya kioo alikaa afisa kijana, uso mkavu, nywele zimechongwa mbele kwa mstari uliopanda upande mmoja. Shemeji alivuta pumzi, akakanyaga mstari wa njano, akarudi nyuma yake, kisha akaitwa. Nilikuwa hatua chache tu nyuma yake, namsikia. Aliulizwa kwa lugha yao, akajibu kwa lugha yao aliyoikariri, moja baada ya nyingine, macho kayakita katikati ya nyusi za yule kijana. Ilipofika habari ya nani anamsubiri kwao, akalitoa lile jibu kubwa kwa mbwembwe. Afisa akaacha kuandika. Akamtazama. Akanitazama mimi. Kisha akainuka, akatuashiria tumfuate.

Chumba tulichoingizwa kilikuwa na meza, viti, boksi la karatasi laini za kufutia machozi, na ukutani picha ya familia inacheka ikimkaribisha mgeni. Akaja mkalimani, mama wa makamo anayesema lugha yetu kama sisi, mkononi kikombe cha chai, viatu kavivua visigino. Akatusalimia vizuri, akaketi, wakaanza upya.

"Anauliza umekuja kufanya nini."

"Kumtembelea binti yangu."

"Anauliza huko kwenu nani anakusubiri."

"Nyumba."

"Haijaezekwa," mkalimani akamalizia, kisha akanywa chai.

Shemeji alimgeukia kwa hasira. "Mama, kazi yako ni kutafsiri."

"Baba yangu, hii nimeitafsiri mpaka naiota usiku. Mwaka jana mume wangu alianza kuezeka banda la kuku nikamwambia hapana, usiniletee kazi nyumbani."

Afisa akasema jambo refu. Mkalimani akalisikiliza hadi mwisho, midomo kaibana ili asicheke. "Anauliza, mji wenu una nini? Hakuna hata mmoja mwenye paa? Mvua ikinyesha mnakwenda wapi? Na jambo la pili." Akajigusa katikati ya nyusi. "Anauliza kwa nini nyote mnamtazama hapa. Kaka wa watu alikwenda hadi kwa daktari wa ngozi."

Nilijiuma ulimi. Nikamwona shemeji anatafuta jibu kwenye mafundisho yake yote na halimo, kwa sababu miaka yote ile hakuna aliyerudishwa kwa kosa la kumtazama afisa nyusi. Kisha yule kinyozi aliyekuwa amemficha kwa muda mrefu akamtoka bila ruhusa.

"Mwambie aliyemnyoa alikuwa na haraka. Upande wa kushoto umepanda. Nimejaribu kutoutazama, nimeshindwa."

Mkalimani akatafsiri. Afisa akapeleka mkono kichwani, akaupapasa ule mstari, na kwa mara ya kwanza alionekana mtu wa umri wake. Lile lilikuwa jibu la kwanza lisilokaririwa kutoka kinywani mwa shemeji tangu tutue, na nadhani lingetosha, kama asingeongeza: "Lakini nyumba kweli haijaezekwa."

Afisa akavuta simu, akabonyeza namba ya mwenyeji wetu, akaiweka mezani ili sote tusikie. Binti aliitika mara moja. Alikuwa nyumbani kwake na mtoto, anatusubiri. Mkalimani akamsalimia, akamwambia baba yake na mama yake mdogo wamefika salama, kuna maswali kidogo tu.

"Baba yako ana nyumba?"

"Anayo."

"Imekwisha au haijakwisha?"

"Imekwisha."

"Ina paa?"

"Ndiyo. La bluu."

Mtoto wa baba yake! Majibu mafupi, hakuna kiulizo, hakuna kuyumba. Alijua lile jibu la mtaa, alijua limechuja, na alidhani anamwokoa baba yake kwa ukweli. Afisa akamuuliza kama ana hakika. Akasema, tena kwa fahari: "Nina picha. Mabati nimenunua mimi mwenyewe."

Afisa akaegemea kiti. Mkalimani akaweka kikombe chini. "Anasema mmoja wenu anadanganya, na angependa kumjua ni yupi."

Kijasho chembamba kilimtoka shemeji. Nilikuwa nimemsubiri afike hapo kwa muda mrefu, na nilidhani nitafurahi, lakini sikufurahi. Akishikilia kwamba nyumba haina paa, binti yake yuko hewani anasikia. Akisema ina paa, amemdanganya afisa, na ndege ya kurudi ilikuwa bado uwanjani. Alinitazama, nikatazama ile picha ya familia inayocheka. Akamtazama afisa, akamtazama mkalimani, mwisho akaitazama simu, ambayo haina nyusi.

"Mwanangu hadanganyi," alisema. "Anasema alichoambiwa. Ile picha ni ya nyumba ya jirani. Nyumba yetu haina paa." Akaisogelea ile simu. "Mabati yapo. Nimejengea banda. La kuwafundishia watu namna ya kujibu maswali ya huyu bwana."

Mkalimani akamgeukia. "Na hilo nalo nitafsiri?"

"Tafsiri, mama."

Kwa mbali ndani ya simu tulisikia kitoto kikilia, kisha simu ikakatwa, na si afisa aliyeikata.

Yule afisa alisikiliza tafsiri yote, hadi habari ya muhuri wa kandambili, maana shemeji akishaanza haachi. Akatoka nje. Tulimsikia anazungumza na mkubwa wake mlango wa pili, kisha tukasikia watu wakicheka, kicheko kirefu cha watu walio kazini na hawatarajiwi kucheka. Nilijua tumekwisha. Nikamwambia shemeji, "Umekaa kimya miaka yote, ukaja kusemea hapa?"

Afisa aliporudi alinigeukia mimi. Mkalimani akasema, "Anakuuliza wewe. Mtu kama huyu, nitajuaje kwamba atarudi kwao?"

Ni kweli nilikuwa na hasira, tena hasira ya dada yangu ndiyo niliyokuwa nimeibeba, ikaniwekea maneno mdomoni. "Mwambie mwenye kuta zile ni dada yangu. Huyu asiporudi, dada atakuja kumchukua mwenyewe. Na dada hatakaa foleni."

Mkalimani alilitafsiri hilo kwa raha zake, na naona aliongeza la kwake. Afisa akachukua muhuri. Alimpa shemeji siku chache kuliko alizoomba, akanipa mimi zote nilizoomba, na alipomrudishia pasipoti alimuuliza kitu, akionyesha kichwa chake.

"Anauliza," alisema mkalimani akivaa viatu, "mstari ule unarekebishika?"

"Asiuguse mpaka uote," alijibu shemeji. Tukatoka.

Tukapanda treni kwenda kwa binti. Treni ilikuwa safi, imejaa watu wasiotazamana, na shemeji alikaa na begi mapajani kama mtu aliyekwisha rudishwa. Nilitaka kumwambia kazi imekwisha, amesema, tumpigie dada. Lakini niliona hajasema. Aliyeambiwa ni afisa. Binti alisikia tu.

Jengo lilikuwa la ghorofa nyingi, milango inayofanana, kila mmoja na kizulia chake. Tukagonga. Mlango ukafunguka kiasi cha kupitisha karatasi, ukazuiwa na mnyororo. Katika upenyo ule tuliona jicho, shavu, na bega lenye kitambaa cha kucheulishia mtoto.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mama," tukaitika. Mnyororo haukutoka.

"Umekuja kufanya nini, baba?"

"Kukutembelea, mwanangu."

"Kufanya nini?"

Shemeji akahamisha begi mkono huu hadi huu. "Kukwambia habari ya paa."

"Nani kakutuma?"

"Mama yako."

"Asingekutuma ungekuja?"

Nikamwona shemeji anainua macho, yanapanda, yanatua palepale alipowafundisha watu wote kuyatua.

"Usinitazame hapo," binti alisema. "Hapo nimefundishwa na wewe, napajua. Nitazame machoni."

Alimtazama. Haikuwa rahisi, nilikuwa pembeni yake, niliona macho yanavyotaka kupanda tena. Mtu amekaa miaka anawafundisha wenzake wasisomwe, sasa anatakiwa akae asomwe.

"Nisingekuja," alisema.

"Na yule afisa asingekubana, leo ungeniambia?"

"Leo? Hapana. Ningesema kesho."

"Kesho." Binti alifuta uso kwa kile kitambaa cha mtoto. "Nimeacha kazi, baba. Chumba hiki nimekwisha kiaga, wanakuja watu wengine. Nimewaambia wale wazee wangu naenda kukaa kwenye nyumba yetu, mmoja ana macho mabovu, nikamshikisha simu nikamweleza, hili ni paa, bluu. Mwanangu nikamlaze wapi? Nyuma ya kioo chako?"

Shemeji alisema tu, "Nisamehe, mama," na sikuwahi kumsikia akilisema neno hilo kwa mtu yeyote, hata mteja aliyemkata sikio. Binti alimwangalia. Kisha mlango ukafungwa, nikadhani tumerudishwa, mpaka niliposikia mnyororo unateleza.

"Ingieni. Msipige kelele, ndiyo kwanza amelala."

Shemeji akaingia, mimi nikafuata na mabegi yote, maana hakuna aliyenikumbuka. Nikaenda hadi jikoni nikampigia dada. Upande wa pili kulikuwa na kelele za kugonga gonga.

"Amesema?"

"Amesema."

"Mwenyewe?"

"Alibanwa kidogo. Dada, hizo kelele za nini?"

"Mafundi," alisema. "Ninyi mlipopanda ndege mimi nikapanda ngazi. Banda nimelibomoa. Mabati yana matundu ya misumari, watayaziba. Sebule imefunikwa, vyumba leo jioni. Mpapai nimeukata, nimewagawia majirani matunda."

Nikakumbuka shemeji alivyokuwa ametokwa na jasho mbele ya afisa, anaapa kwamba nyumba haina paa, na kumbe saa ileile fundi alikuwa juu anapigilia. Hata ukweli wake mmoja alikuwa ameuchelewa.

"Nimwambie?" niliuliza.

"Mwambie mtoto. Huyo mwingine mwache kwanza."

Nilimwita binti jikoni nikamnong'oneza. Alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili, akacheka, akalia, akaniomba nirudie ile habari ya ngazi. Kisha akanawa uso akatoka kwenda kumwekea baba yake chai kana kwamba hakuna lililotokea.

Sebuleni shemeji alikuwa amekaa kwenye ncha ya kiti, mjukuu kifuani, hathubutu hata kuegemea. Mtoto ana nywele nyingi, na baba mtu mzima yule alikuwa akizipapasa kwa kidole kimoja, taratibu, kwa utaalamu. Aliponiona akashusha sauti.

"Dada yako umempata?"

"Nimempata."

"Hajambo?"

"Hajambo."

"Na banda langu je, salama?"

Nikamtazama katikati ya nyusi, nikamjibu kifupi, kama alivyofundisha.

"Salama, shemeji."